Kanisa la Zamani Kuwa Ukumbi wa Maigizo: Mwongozo Kamili kwa Vikundi vya Moshi

Ukipanda kutoka Moshi mjini kuelekea mlimani, iwe kwa njia ya Kibosho, Kilema, Machame au Old Moshi, utakutana na picha inayojirudia. Kanisa jipya limesimama, refu, la matofali na vioo. Kando yake limebaki kanisa dogo la mawe, bati limeota kutu, na ndani mmepangwa sufuria za sherehe, mabenchi mabovu na mifuko ya saruji iliyogandana. Waumini waliongezeka, wakajenga kubwa, na lile la babu zao likawa stoo.

Wakati huohuo vikundi vya maigizo vya Moshi vinafanyia mazoezi chini ya miti, kwenye madarasa ya kuazima na kwenye kumbi za harusi ambazo bei yake haiwezekani kwa kijana wa sekondari. Mimi nimefanya kazi na kikundi kimoja kilichopata nafasi ya kutumia jengo la namna hiyo, na ninachoandika hapa ndicho ningependa tungeambiwa tangu siku ya kwanza. Kikubwa ni mpangilio wa kazi: ruhusa kwanza, kisha paa, kisha sauti. Jukwaa na taa vije mwisho. Sisi tulianza na taa. Zilikaa kwenye maboksi miaka miwili huku mvua ikiingia ukumbini.

Kabla ya yote, kaeni na wazee

Msianze na barua. Anzeni kwa kwenda kuwaona wazee wa kanisa, na mwende mkiwa wachache, wenye heshima, bila michoro mkononi. Mzee mmoja tuliyemkuta ameketi kwenye ngazi za mlango, baada ya shikamoo na marahaba, alituuliza swali moja tu: "Wanangu, mtacheza wapi, pale madhabahuni?" Alifunga ndoa pale. Watoto wake sita walibatizwa pale. Tulikaa naye saa nzima kabla hatujataja neno jukwaa, na siku ya kikao ndiye aliyesimama kututetea.

Swali lake ni la msingi. Kwa Wakatoliki, jengo lililowekwa wakfu haliachi kuwa kanisa kwa sababu tu halitumiki. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1222, inampa askofu wa jimbo mamlaka ya kuliondoa katika matumizi ya ibada na kuruhusu matumizi ya kawaida, ila yasiwe ya aibu, na kama sababu si ubovu wa jengo basi asikilize kwanza baraza la mapadre. Kanuni ya 1238 inaongeza kwamba altare, yaani madhabahu, haipotezi wakfu wake hata jengo likibadilishwa matumizi. Maana yake, altare ishughulikiwe na Kanisa lenyewe, na nyinyi msiiguse kabisa. Kwa Walutheri mlolongo hupitia baraza la wazee la usharika hadi ngazi ya dayosisi. Kwa vyovyote vile, ombeni ibada ya kuaga ifanyike. Watu walie, waimbe, wapige picha, watoe msalaba na kengele kwa mikono yao wenyewe. Jengo lililoagwa vizuri halitawarudia na malalamiko kila mnapofungua pazia.

Kama kuna makaburi uani, yaacheni palepale. Kuhamisha kaburi kuna sheria yake tangu mwaka 1969, na hata bila sheria, hakuna onyesho linalostahili ugomvi wa namna hiyo na ukoo wa mtu.

Karatasi

Mali za makanisa kwa kawaida ziko mikononi mwa bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Hao ndio wa kusaini mkataba. Padre au mchungaji, hata awe anawapenda namna gani, anaweza kuhamishwa mwezi ujao, na ahadi yake ikaondoka naye. Ombeni upangaji wa miaka isiyopungua kumi, kwa sababu hakuna mfadhili wala mwanakikundi mwenye akili atakayetia fedha kwenye paa la jengo unaloweza kunyang'anywa mwakani. Andikeni wazi nani anatengeneza paa, nani analipa umeme, vifaa mtakavyoweka ni vya nani mkiondoka, na siku zipi ukumbi unanyamaza.

Hilo la kunyamaza msilipite haraka. Kanisa jipya liko hatua 30 kutoka mlangoni kwenu. Jumapili asubuhi hakuna ngoma. Kukiwa na mazishi, hakuna mazoezi kabisa, hata kama onyesho ni kesho. Wekeni pia kwenye mkataba suala la pombe na aina ya maigizo yasiyokubalika, mjadiliane sasa mkiwa marafiki. Sisi tulikubaliana kwamba kila hadithi inasomwa na mzee mmoja na kijana mmoja wa usharika kabla ya mazoezi, na mara mbili maoni yao yameiboresha hadithi yenyewe.

Upande wa serikali, jueni kwanza ardhi ni ya mji au ya kijiji, kwa sababu ardhi ya mjini inaongozwa na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 na ya kijijini na Sheria Na. 5 ya mwaka huohuo. Hati ya mjini hutaja matumizi, na kama imeandikwa ibada, mtahitaji kibali cha kubadili matumizi kupitia halmashauri, chini ya Sheria ya Mipangomiji ya 2007. Kisha kibali cha ujenzi au ukarabati. Kikundi chenyewe kisajiliwe BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, na afisa utamaduni wa halmashauri ndiye mlango wenu wa kwanza kwa vibali vya maonyesho. Mkipiga nyimbo za watu wengine, kuna leseni ya hakimiliki; ulizeni COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania.

Wengi huuliza kuhusu Idara ya Mambo ya Kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Makanisa ya Kilimanjaro ni ya baadaye: mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walianza Machame mwaka 1893. Kwa hiyo jengo lenu huenda halina ulinzi huo isipokuwa limetangazwa na Waziri. Ulizeni kwa barua, mpate jibu kwa barua. Na hata likiwa halijatangazwa, lichukulieni kana kwamba limetangazwa: pigeni picha kila ukuta kabla ya kugusa kitu, na kila mtakachoongeza kiwe kinaweza kufunguliwa bila kuacha kovu.

Paa

Fanyeni ukaguzi kati ya Juni na Oktoba, au Januari na Februari. Masika ikianza Machi hamtafanya lolote juu ya paa hadi Juni.

Tafuteni mhandisi aliyesajiliwa, lakini siku ya kwanza mnaweza kupanda na fundi seremala mzoefu na bisibisi. Msipoteze muda katikati ya kenchi, ile fremu ya mbao inayobeba paa. Nendeni pale mguu wa kenchi unapokaa juu ya ukuta. Hapo ndipo maji ya bati lililotoboka hutulia, na hapo ndipo mchwa huanzia wakipanda ndani ya ukuta wa mawe. Fundi wetu aliweka ncha ya bisibisi kwenye mguu wa kenchi ya tatu, akasukuma kwa kidole gumba tu, ikazama hadi mpini. Kwa nje mbao ilikuwa safi kabisa, ina rangi. Akaivuta, ikatoka na unga wa kahawia. "Hii imebaki ganda," alisema. Kenchi ya nne, hatua mbili mbele, bisibisi haikuingia hata milimita. Ilikuwa ya mkulo, ule ambao wenyeji huuita mseri, mbao yenye harufu ya kafuri inayojulikana kwa kustahimili. Kwa hiyo msiamue kubomoa paa zima kwa sababu kenchi mbili zimeoza. Kateni kilichooza, ungeni mbao mpya iliyotibiwa kwa dawa ya mchwa, fungeni kwa bolti.

Angalizo moja la kiafya: kama paa ni la vigae vya asibesto vya zamani, msikate, msitoboe, msisugue. Vumbi lake huua mapafu. Kazi hiyo ni ya wataalamu wenye vifaa.

Mkishamaliza bati, wekeni gata na mfereji wa kupeleka maji mbali na msingi. Gata huonekana kama pambo, na kumbe ndiyo inayookoa kuta.

Kuta, na kosa la saruji

Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Kabla ya hapo saruji haikuwa kitu cha kuagiza kirahisi, na kuta nyingi za zamani zilijengwa kwa mawe ya volkano, udongo na chokaa. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu wakati wa mvua na kuutoa jua likiwaka. Ukiupiga plasta ya saruji, umeufunga pumzi. Sisi tulipiga saruji mita moja ya chini upande wa magharibi, kwa nia njema, ili pawe pasafi. Masika moja ikapita. Plasta ikavimba, ikaanguka vipande vipande, na ikaondoka na uso wa jiwe lenyewe.

Tumieni chokaa: sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga msafi uliochekechwa. Pigeni tabaka nyembamba, zifunikeni kwa magunia yaliyoloweshwa siku kadhaa zisikauke haraka zikapasuka. Rangi iwe ya chokaa pia, siyo ya plastiki. Kazi hii ni nzuri kwa msaragambo, yaani kazi ya kujitolea ya pamoja. Jumamosi tatu za watu 20 zilitosha kwetu, na mama waliopika ugali na ndizi siku hizo ndio leo wanakaa mstari wa mbele kila onyesho.

Sauti, jambo ambalo vikundi vingi havilifikirii

Simama katikati ya ukumbi mtupu, piga kofi moja, hesabu sekunde hadi sauti iishe. Kanisa la mawe litakupa sekunde nne, tano, pengine zaidi. Kwa kwaya ni neema, kwani noti zinaelea na kuungana. Kwa maigizo ni balaa, maana silabi ya kwanza ya neno inakuta silabi ya neno lililopita bado haijaondoka, na mzaha mzuri unapotea hewani. Maneno ya kusemwa yanataka takribani sekunde moja.

Hesabu yake si ngumu. Iligunduliwa na Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa chuo cha Harvard, Marekani, kuanzia mwaka 1895. Alikuwa akihamisha mito ya viti usiku, akiingiza na kutoa, akipima sauti inachukua muda gani kufa. Zidisha ujazo wa ukumbi kwa mita za ujazo kwa 0.16, gawanya kwa jumla ya ufyonzaji wa sauti. Ufyonzaji ni eneo la kila kitu ukizidisha kwa uwezo wake wa kumeza sauti: plasta na sakafu ya saruji humeza karibu na hakuna, silingi ya mbao kama sehemu ya kumi, pazia zito lenye mikunjo kama nusu.

Tuchukue ukumbi wa mita 20 kwa 9, urefu wa kwenda juu mita 7. Ujazo ni 1,260. Ukiwa mtupu, ufyonzaji ni kama 40, na mwangwi unakaa sekunde 5. Wakiingia watu 120 wanaongeza kama 50, mwangwi unashuka hadi sekunde 2.2. Angalia hapo: watazamaji wenyewe ndio dawa kubwa kuliko zote, ndiyo maana mazoezi kwenye ukumbi mtupu huwakatisha waigizaji tamaa bure. Ongeza mita za mraba 80 za pazia zito, unafika 1.5. Ongeza fremu 80 za kufyonza sauti, unakaribia 1.1, na sasa bibi aliyeketi nyuma anasikia kila neno.

Fremu zenyewe tengenezeni hapahapa. Mbao nyembamba, sentimita 60 kwa 120, ndani jazeni sentimita 5 za sufu ya mawe, ile inayowekwa chini ya paa kuzuia joto na isiyowaka moto. Usoni funikeni na gunia la kahawa. Nyuzi zake ziko wazi, sauti inapita, na chapa zilizoandikwa juu yake zinapendeza kuliko kitambaa cha dukani. Katika wilaya iliyosomesha watoto wake kwa kahawa, gunia lile ukutani lina maana yake. Zining'inizeni sentimita 5 mbali na ukuta, zaidi kwenye ukuta wa nyuma unaotazamana na jukwaa.

Gunia na pazia huwaka haraka, kwa hiyo vilowesheni dawa kabla ya kuning'iniza: gramu 700 za boraksi na gramu 300 za asidi ya boriki katika lita 7 za maji ya moto. Kausheni, kisha kateni kipande kidogo mkakijaribu kwa kiberiti nje. Kikiendelea kuwaka, rudieni. Kila pazia likifuliwa, dawa imeondoka, mnaanza upya.

Halafu kuna mvua. Tone zito juu ya bati tupu linashinda sauti ya mwigizaji yeyote. Silingi yenye sufu ya mawe juu yake itapunguza, ila haitamaliza. Katika Aprili msipange maonyesho makubwa, na mvua ikidondoka ghafla katikati ya mchezo, waigizaji wafundishwe kuganda mahali walipo, mpiga ngoma aingie, wasubiri.

Jukwaa na viti

Sehemu ya madhabahu tayari imeinuliwa ngazi mbili au tatu, na vikundi vingi hukimbilia kuifanya jukwaa. Kwetu wazee waliomba isitumike, tukajenga jukwaa la mbao mbele yake, na matokeo yakawa bora. Mwigizaji alisogea karibu na watu, na sehemu ya nyuma ikawa njia ya kuingilia na kutokea. Sakristia, chumba cha kuandalia ibada, ikawa chumba cha kuvalia. Kimo cha sentimita 60 kinatosha ukumbi mdogo, kina cha mita 4 hadi 5. Lijengeni kwa vipande vinavyofungwa kwa bolti ili harusi au semina ikija livunjwe kwa nusu saa.

Kabla ya kupanga viti, mtu mmoja asimame jukwaani na wengine wakae kila mahali, hasa nyuma ya nguzo. Palipofichwa pasiwekwe kiti. Mistari iachane sentimita 90, njia ya katikati iwe mita 1.2. Mabenchi ya zamani yatunzeni, yatieni mito. Mto ni starehe ya mgongo, na kama Sabine alivyoona, ni dawa ya mwangwi hata siku watu ni wachache.

Umeme na taa

Waya za zamani zitolewe zote. Kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini, uwepo kweli ardhini, siyo kwenye mchoro tu. Taa 24 za LED za wati 100 zinakula wati 2,400, kama ampea 10 na nusu kwenye umeme wetu wa volti 230. Taa 12 za kizamani za wati 1,000 zingekula ampea 52, zikaongeza na joto la tanuri. Chagueni LED bila kusita. Taa za jukwaa ziwe na sakiti breka zake, spika zake, taa za ukumbi zake.

Msizifunge taa kwenye kenchi. Simamisheni nguzo za chuma, mpitishe bomba juu, na kila taa iwe na mnyororo wa pili wa usalama. Jenereta ikae nje, mbali na dirisha. Taa za dharura za betri ziwe juu ya kila mlango, kwa sababu umeme utakatika, na utakatika watu 120 wakiwa gizani.

Moto na milango

Ukumbi wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo uliungua mwaka 2002, na hicho kilikuwa chuo kikubwa cha sanaa nchini. Milango ya kanisa la zamani mara nyingi hufunguka kwa ndani, na umati ukisukuma inajifunga yenyewe. Igeuzeni ifunguke nje, au wakati wa onyesho ibaki wazi imefungwa kwa ndoano. Uwepo mlango wa pili upande wa pili wa jengo, upana usiopungua mita moja. Kabla ya kumwita mkaguzi wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, jazeni ukumbi na wanafunzi, zimeni taa, pigeni filimbi, mpime muda. Dakika mbili na nusu zikipita na bado kuna mtu ndani, punguzeni viti. Karibu na meza ya taa pawe na mtungi wa hewa ukaa, siyo wa maji. Namba 114 ya Zimamoto iandikwe kwa herufi kubwa ukutani.

Kufungua, na kuendelea

Msimu mzuri kuliko yote Kilimanjaro ni kati ya katikati ya Desemba na wiki ya kwanza ya Januari, Wachaga wakirudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na kwingine. Wana fedha mfukoni, wana watoto wanaohitaji kuona kitu cha kwao, na wengi walibatizwa kwenye jengo hilohilo. Onyesho la kwanza litoke kwenye simulizi za eneo lenyewe, lichezwe na watu wa hapo, na wazee wakae mbele bila kiingilio. Siku nyingine za mwaka ukumbi ujilipie kwa mazoezi ya kwaya, mahafali ya shule za msingi, mikutano ya VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa) na mafunzo ya ngoma Jumamosi.

Wekeni daftari la jengo, liwe tofauti na daftari la fedha. Kila mwezi mtu mmoja aandike alichokiona: ufa umeongezeka, popo wamerudi, pazia la kushoto limefuliwa na halijatiwa dawa. Mwishoni mwa Februari gata zisafishwe. Mvua ya kwanza ya masika ikianza kunyesha, mtu apande roshani ya kwaya na tochi usiku huohuo, amulike miguu ya kenchi moja baada ya nyingine, na penye unyevu aweke alama ya chaki.